Ameshikwa Texas, lakini yuko jela gani?

Kitu cha kwanza ninachoomba ni nakala ya pasipoti. Picha ya kijana haitanisaidia, wala jina analotumia Facebook. Nataka pasipoti, viza au karatasi yoyote inayoonyesha jina lake jinsi Wamarekani walivyoliandika. Watu ambao ndugu zao wamekamatwa Marekani huingia hapa saibani kwangu, mtaa wa Umoja, Nairobi, wakiwa wamejaa hofu, wanataka nianze kutafuta papo hapo, nami huwakalisha kwanza. Herufi moja ikikosewa, kompyuta itasema hayupo. Na mzazi akiambiwa mwanawe hayupo, mawazo yake hukimbilia mochari.

Majina yetu yanasumbua sana kwenye mitambo ya watu. Kijana ana jina la ubatizo, jina la babu na jina la baba. Akifika kule, jina moja linakuwa la ukoo, na mara nyingi silo analoitwa nyumbani. Askari anayemwandikisha anaweza kuunganisha mawili yakawa moja, au akaacha la katikati. Ng'ang'a hupoteza ritifaa zake na kuwa Nganga. Tarehe ya kuzaliwa nayo hutanguliza mwezi, kwa hivyo 4/7 kwao ni tarehe 7 Aprili. Ninachofanya ni kuandika jina la ukoo kamili, kisha herufi moja au mbili tu za jina la kwanza pale tovuti inaporuhusu, halafu nalinganisha umri. Nikikosa, nageuza majina na kuanza upya.

Mama mmoja anayeuza mboga karibu na steji alikuja baada ya mwanawe kukaa kimya. Kijana alikuwa akimpigia kila Jumapili baada ya kanisa, kisha simu ikazima. Aliyekuwa akikaa naye alisema neno moja tu, ameshikwa, halafu naye akaacha kupokea simu.

"Ameshikwa wapi, mama?"

"Dallas."

Kwa Wakenya wa upande ule, kila mtu yuko Dallas. Ukweli ni kwamba mji ule umeshikana na miji mingine mingi, iliyo kwenye kaunti tofauti. Anayekaa Arlington yuko kaunti ya Tarrant, na jela ya kaunti hiyo iko Fort Worth. Anayekaa Lewisville yuko kaunti ya Denton. Sisi tuna kaunti 47 nchi nzima. Texas peke yake ina 254, na kila moja ina sherifu wake, na nyingi zina jela yake na orodha yake. Mtu hushtakiwa kaunti ambayo kosa linadaiwa kutendeka, hata kama analala kaunti nyingine. Kwa hivyo swali langu la pili kwa mama lilikuwa kijana anafanya kazi wapi, na anapita barabara gani kwenda kazini. Alijua kanisa lake tu. Tulianzia kwenye kanisa.

Hapa ndipo familia nyingi hupotelea, kwa hivyo nitaeleza pole pole. Kwetu, ukishafika gerezani, uko mikononi mwa idara moja ya magereza kwa nchi yote. Marekani hakuna orodha moja yenye wafungwa wote. Mtu aliyekamatwa juzi, ambaye kesi yake haijaamuliwa, kwa kawaida yuko jela ya kaunti chini ya sherifu. Akihukumiwa kifungo kirefu kwa kosa la sheria za jimbo, anahamishiwa gereza la jimbo, na kila jimbo lina tovuti yake. Ya Texas ni ya Texas Department of Criminal Justice, nayo inakubali jina la ukoo na herufi ya kwanza ya jina la kwanza. Akihukumiwa kwa kosa la serikali kuu, anatafutwa kwenye tovuti ya Federal Bureau of Prisons, ambayo ina majina ya waliofungwa tangu 1982, hata walioachiliwa zamani. Watu wengi hukimbilia hiyo ya mwisho kwa sababu jina lake ni kubwa. Wanakosa, wanakata tamaa, kumbe mtu wao yuko jela ya kaunti kilomita chache kutoka nyumbani kwake.

Mwingine hukosekana kwa sababu ni mapema mno. Polisi wa mji humweka kwanza kwenye mahabusu yao kwa saa kadhaa kabla ya kumpeleka kwa sherifu, na jina huchelewa kuingia. Tafuta leo, rudia kesho.

Halafu kuna tovuti za kaunti ambazo ukizifungua ukiwa Nairobi zinagoma. Ukurasa unabaki mweupe, au unakuambia huna ruhusa. Hilo halina uhusiano wowote na mtu wako. Mwombe ndugu au muumini mwenzake aliye kule afungue kwenye simu yake, akupigie picha ya ukurasa.

Ndivyo tulivyofanya. Mpwa wa yule mama, aliye Kansas, alifungua orodha ya kaunti moja jirani na kule tulikoanzia, akatutumia. Nakumbuka ukurasa wenyewe. Jina la ukoo kwa herufi kubwa, koma, jina la kwanza, bila la katikati. Mwaka wa kuzaliwa. Namba ya kuandikishwa. Tarehe na saa aliyoingizwa, mpaka dakika. Mashtaka mawili, na mbele ya kila shtaka kiasi cha dhamana kwa dola. Chini, jina la jengo aliloko. Mama alisogeza kiti mpaka karibu na skrini, akaweka kidole juu ya jina la mwanawe, akalisoma herufi kwa herufi. Hakuuliza mashtaka ni yapi. Aliuliza, "Huko wanampa chakula, mwanangu?" Kisha akataka nimtolee karatasi mbili, moja yake na moja ya mchungaji.

Mtu akiniuliza kwa nini najisumbua na haya badala ya kukaa na kazi za eCitizen na KRA, yaani huduma za serikali na kodi mtandaoni, nitamwonyesha uso wa mama yule kabla na baada ya karatasi ile. Mwanawe alikuwa bado jela, hakuna kilichopungua kwenye mashtaka, lakini sasa alikuwa mahali.

Ukishapata namba ya kuandikishwa, iandike pembeni, maana ndiyo itakayotumika kwa kila kitu: kumtumia barua, kuuliza tarehe ya korti, kumtafutia wakili. Huwezi kumpigia mfungwa simu. Yeye ndiye hupiga. Ila unaweza kupigia jela au ofisi ya mawakili wanaolipwa na serikali kuwatetea wasiojiweza. Texas wakifungua ofisi saa mbili asubuhi, hapa ni saa kumi jioni, na miezi yao ya baridi ni saa kumi na moja. Tulipiga jioni, tukaambiwa jina la wakili wake na siku ya korti.

Kuna orodha nyingine ya bure inayoitwa VINELink, inayokusanya habari za jela na magereza ya majimbo mengi. Ilianza kwa msiba. Mwaka 1993, huko Louisville, Kentucky, msichana aitwaye Mary Byron aliuawa siku aliyotimiza miaka 21 na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake, ambaye alikuwa ametolewa jela kwa dhamana bila mtu yeyote kumwambia Mary. Mwaka uliofuata kaunti ya mji huo ikaanzisha mtambo wa kuwapigia simu waathiriwa mshtakiwa anapoachiliwa. Leo aliyeumizwa anautumia kujilinda, na mama aliye Umoja anautumia kujua mwanawe amehamishwa. Nadhani wote wawili wana haki hiyo.

Ikiwa shida ni makaratasi ya uhamiaji, orodha ni nyingine kabisa, ya ICE, idara ya uhamiaji ya Marekani. Hiyo inataka namba ya mgeni inayoanza na herufi A, yenye tarakimu tisa, pamoja na nchi aliyozaliwa. Kama ya kwako ina nane, ongeza sifuri mbele. Usipokuwa nayo, andika jina kamili na nchi, lakini lazima lilingane na lao herufi kwa herufi. Aliye chini ya miaka 18 hatatokea humo. Na mkataba wa Vienna wa 1963 unasema mgeni akikamatwa aelezwe kwamba ana haki ubalozi wa nchi yake ujulishwe, akitaka mwenyewe. Wengine hawataki, na msiwalaumu.

Jihadharini na wanaopiga simu. Habari ikishasambaa kwenye kikundi cha WhatsApp cha kijiji, atatokea mtu anayejiita wakili na kutaka pesa za dhamana kwa M-Pesa usiku huohuo. Dhamana ya Marekani hailipwi hivyo. Kampuni halali za kuweka dhamana zipo, na kwa kawaida hutoza asilimia 10 ya dhamana, pesa ambayo hairudi, lakini kwanza hakikisha kwenye orodha ya sherifu kwamba kiasi unachoambiwa ndicho kilichoandikwa. Orodha za serikali ni bure. Anayekudai dola kukuonyesha jina ni mfanyabiashara.

Sasa niseme ya kwetu, kwa sababu ndiyo yanayoniuma zaidi.

Mdogo wangu alibebwa kwenye msako jioni moja hapa Eastlands. Nilikwenda kituo cha karibu, askari wa kaunta akafungua OB, kitabu cha matukio, akapitisha kidole juu juu, akasema hayupo. Nikazunguka vituo vingine, kila kimoja kikinielekeza kingine. Kwenye kituo kimoja niliruhusiwa kusimama karibu na mlango wa seli nikaita jina lake kwa sauti, wakanijibu wanaume nisiowajua, kila mmoja akinipa namba ya simu ya mkewe au mama yake nimpigie. Nilizishika nilizoweza. Mdogo wangu nilimpata korti za Makadara, jina lake likiwa kwenye karatasi iliyobandikwa ubaoni, na wakati huo alikuwa tayari ameamriwa kwenda rumande, gereza la Industrial Area. Baadaye nilijua alilala usiku ule kwenye kituo cha kwanza, kile nilichoambiwa hayupo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata, na aruhusiwe kuwasiliana na wakili na watu wengine anaohitaji msaada wao. Kifungu cha 51 kinampa aliyezuiliwa haki ya kuomba korti iamuru aletwe mbele yake. Sheria ipo. Kinachokosekana ni mahali pa kuandika jina na kuonyeshwa kituo au gereza. Ratiba za kesi tayari ziko mtandaoni, na zimenisaidia kuwapata watu kadhaa, kwa hivyo asiniambie mtu kwamba haiwezekani.

Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, vijana walichukuliwa na watu wasiojitambulisha, familia zikazunguka vituoni na Chama cha Mawakili kikaenda kortini kudai waletwe. Najua orodha ya mtandaoni haiwezi kumtaja mtu ambaye aliyemchukua anakana. Lakini sheria ikisema kila aliyezuiliwa aingizwe kwenye orodha ndani ya saa chache, basi aliyekosekana humo amezuiliwa kinyume cha sheria, na familia inaingia kortini siku hiyohiyo bila kumaliza wiki ikizungushwa na makaunta. Leo, kumpata mtu wako haraka Nairobi kunategemea kama unamjua askari. Mama wa mboga hamjui askari yeyote. Alimpata mwanawe Texas akiwa ameketi hapa Umoja, na angemkosa gereza la Kamiti hapa Nairobi.

Ninachotaka kiandikwe ni jina, mahali, namba ya kesi, korti na tarehe. Picha siitaki. Kule huweka picha ya uso ya siku ya kukamatwa, na tovuti za biashara huichukua na kuisambaza, nyingine zikidai pesa ili ziitoe. Mashtaka ya kijana yule yaliondolewa miezi kadhaa baadaye, ametoka, amerudi kazini. Ukiandika jina lake mtandaoni, picha ya jela bado ndiyo inayotangulia. Mama yake ameniuliza kama inaweza kufutwa, na tumeanza kuziandikia tovuti hizo barua, moja baada ya nyingine, tukiambatisha karatasi ya korti.