Kozi ya dagaa: moduli zimehamishwa

Wiki hii sikuandika somo jipya hata moja. Kazi yote ilikuwa kupanga: moduli ipi itangulie, ipi ivunjwe, ipi ifichwe kwanza. Kwa mgeni wa kumbukumbu hizi, natengeneza kozi ya mtandaoni kwa kina mama wanaoanika dagaa Igombe, Mwanza, na kuwauza soko la Mwaloni Kirumba. Natumia Moodle, mfumo wa bure uliotoka mwaka 2002, na wanafunzi wangu wote wanasomea kwenye simu.

Moodle inakuachia upange kozi kwa wiki au kwa mada. Ukichagua wiki, mfumo wenyewe unabandika tarehe kwenye kila sehemu. Chuoni sawa. Huku ziwani kalenda iko angani: dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo siku zisizo na mwezi zikiingia mitumbwi inatoka usiku na asubuhi hakuna wa kumpigia simu, wote wako vichanjani. Mbalamwezi ikishika, taa hazivuti dagaa tena, wavuvi wanapumzika, na hapo ndipo mama anapata nafasi ya kusoma. Nimechagua mada. Kila moduli inaenea mbalamwezi moja, basi.

Mfuatano nao umebadilika. Mwanzo nilifuata vitabu: lishe, bakteria, usafi, ndipo kuanika. Mama mmoja anayenijaribia kozi alipitisha kidole kwenye orodha akaniuliza, "Mwanangu, huu utangulizi wa nini? Mimi nina dagaa juani." Utangulizi umeondoka. Sasa moduli zinamfuata dagaa mwenyewe: kupokea, kuosha, kuanika, kufungasha, kuuza. Bakteria wamehamia kwenye kuosha, wanakohusika.

Moduli niliyoipenda zaidi ni ya kuanika. Inafunguka kwa picha ya viganja viwili, kimoja kina dagaa wa mchangani, kingine wa kichanjani, na swali: mnunuzi atachukua wepi? Maelezo yanakuja baada ya jibu. Kisha video fupi: wavu uliokazwa, dagaa waliotandazwa bila kulaliana, upepo ukipita juu na chini. Hata jina nimelibadilisha. "Mbinu Bora za Ukaushaji wa Mazao ya Uvuvi" lilikatika katikati ya kioo cha simu. Sasa ni "Kuanika bila mchanga".

Kufuli nimeweka moja tu. Huwezi kufungua kufungasha kabla hujafaulu jaribio la kutambua dagaa aliyekauka sawasawa, maana unyevu ukifungiwa ndani ya gunia, ukungu haukawii. Wanaofunga kila moduli kwa jaribio siwaelewi; mtu mzima anayetafuta jibu la leo atafunga simu aende zake.

Jambo la kiufundi kwa wenzangu mnaotumia programu ya Moodle ya simu: mwanafunzi anaweza kupakua sehemu nzima akaisoma bila bando, lakini video uliyoiunganisha kutoka YouTube haishuki pamoja nayo. Kwa hiyo nazipunguza video zangu ukubwa na kuzipandisha moja kwa moja kama faili. Inachosha, ila inalipa.

Moduli ya siku za mvua bado nimeificha. Ina kutia chumvi na kukausha kwa moshi, kukaanga sijarekodi. Nataka iwe wazi kabla vuli haijaanza Oktoba, kwa hiyo ninachotafuta sasa ni jiko, karai kubwa, na mtu mwenye mkono usiotetemeka wa kushika kamera.