Hija ya miguu hadi Santiago: panga wiki ya kwanza kwanza

Wengi wanaopanga Camino Francés, njia maarufu ya hija kutoka Ufaransa hadi Hispania, huchukua kilomita 780 hivi za kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port hadi Santiago de Compostela, wakazigawa kwa siku za likizo walizo nazo. Hesabu hiyo ndiyo inayokatisha safari nyingi. Ukienda kilomita 23 kwa siku, unahitaji siku 34, na mimi huongeza 3 za kupumzika. Likizo isipotosha, anzia mbele zaidi. Usirefushe mwendo wa siku.

Siku ya kwanza ni ngumu kweli. Hadi Roncesvalles, kijiji cha kwanza cha kulala upande wa Hispania, ni kilomita 25 hivi, na njia ya Napoleon, ile ya kupitia milimani, hupanda kutoka mita 170 hadi zaidi ya 1,400, kisha huteremka kwa ukali. Mteremko huo ndio unaoumiza magoti na kufanya kucha kuwa nyeusi, kwa kuwa vidole hugonga ncha ya kiatu. Kata kucha kabla. Bora ulale Orisson, nyumba ya wageni iliyo kilomita 8 tu kutoka mwanzo, lakini weka nafasi mapema maana vitanda ni vichache. Kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31 njia hiyo hufungwa, watu hupitia njia ya bondeni ya Valcarlos.

Miguu huvimba ukitembea kutwa, kwa hiyo kiatu kizidi kwa nusu saizi au saizi nzima. Soksi ziwe za sufu. Pamba hushika jasho, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Ukihisi mahali panawaka mguuni, simama hapo hapo, hata kama kijiji unakiona. Vua kiatu, kausha mguu, bandika plasta uliyoikata pembe zikawa mviringo, maana pembe kali hubanduka. Ilainishe kwa kidole. Mkunjo mmoja tu unatosha kuzaa lengelenge jingine.

Begi lisizidi asilimia 10 ya uzito wako, bila maji.

Wanaohitaji visa ya Schengen waombe kwa Hispania ingawa wanaanzia Ufaransa, kwani Hispania ndiko watakakokaa zaidi. Bima ya matibabu iwe ya yuro 30,000 au zaidi.

Pasipoti ya hujaji, kijitabu cha kukusanyia mihuri ya njiani, igongwe mihuri tangu mwanzo. Kuanzia Sarria, mji ulio zaidi kidogo ya kilomita 100 kabla ya Santiago, gonga miwili kila siku, asubuhi na jioni, la sivyo unaweza kunyimwa Compostela, cheti cha kumaliza hija.