Njia ya baiskeli kando ya reli, Tanga mpaka Pongwe: tuanze na wenye nguzo za umeme

Hili jambo nimeliongea kijiweni mpaka wenzangu wamenichoka, acha niliandike. Tanga ni mji wa baiskeli, hapo hakuna wa kubisha, mama anakwenda sokoni na baiskeli, mzee anakwenda msikitini na baiskeli, mtoto wa shule kapakiwa nyuma kwenye keria, ila ukitaka kutoka mjini kwenda Pongwe unajikuta umebanwa pembeni ya barabara kuu na malori ya saruji na mabasi yanayowahi Segera. Wakati huohuo kuna ardhi imenyooka vizuri tu, inaanzia stesheni inakwenda mpaka Muheza na kuendelea, nayo ni hifadhi ya reli, yaani ile ardhi ya pembeni iliyoachwa kwa ajili ya reli.

Reli yenyewe ya kale, Wajerumani walianza kuijenga hapahapa Tanga 1893 na Moshi hawakufika mpaka 1911. Treni haitaki mlima mkali, kwahiyo walipochonga njia waliichonga taratibu taratibu, na hiyo ndo raha ya mtu mwenye foniksi isiyo na gia na mzigo wa nazi nyuma.

Nikisema hivi naulizwa, nani atapita huko? Jamani si wanapita! Pale mjini reli ndo inaikata Ngamiani na upande wa maofisi, mtu wa Barabara ya 12 akienda mjini lazima aivuke, na wengi hawavuki tu, wanatembea juu ya mataruma kabisa na ndoo kichwani. Tena treni za huku zikiwa za kuhesabu ndo hatari inazidi, maana masikio ya watu yameshasahau honi, na treni ya mizigo iliyoshiba ikiwa kwenye mwendo inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita nzima ndo isimame. Kwahiyo mi sioni kama tunaomba watu waletwe karibu na reli, tunaomba wale waliopo wapewe sehemu yao ya kupita.

Huko Marekani wameshafanya sana haya mambo. Kuna njia inaitwa W&OD kule Virginia, kama kilomita 72 hivi, treni ilikufa 1968, ardhi ikachukuliwa na kampuni ya umeme, baadae mamlaka ya mabustani ikainunua na kampuni ikabaki na haki ya kupitisha nyaya zake, leo watu wanaendesha baiskeli chini ya nguzo kubwa na umeme unapita kama kawaida. Ila hiyo ni reli iliyokufa, ya kwetu iko hai, kwahiyo mfano unaotufaa zaidi ni wa California, Sonoma na Marin, treni ya SMART ilianza abiria 2017 na njia ya miguu na baiskeli inajengwa ubavuni mwake kipande kwa kipande, katikati kuna uzio.

Sasa wadau wengi wanataka tuanzie kwa watu wa reli na barua ndefu yenye maneno ya utalii. Mi nasema tuanze na wenye nguzo za umeme na wenye mabomba. Kwanini? Mwenye nguzo anahitaji kuifikia nguzo yake usiku wa mvua, mwenye bomba anahitaji kuifikia valvu, na wote wanafyeka majani kila mwaka ili gari lipite. Yaani wanatengeneza njia bila kuiita njia. Ukimwambia hiyo njia yako ya matengenezo tuipanue kidogo, tuishindilie, watu wapite siku ambazo wewe huna kazi, umemletea faida. Mtu wa reli yeye faida yake ni kwamba watu wanashuka kwenye mataruma, lakini hiyo ataielewa vizuri akikuona umekuja na wenzako wawili wenye mamlaka na siyo na picha za watalii.

Na hao wenye nguzo wakikubali, watakupa masharti, tena ya maana. Kuchimba hovyo hakuna. Mti mrefu chini ya nyaya hakuna, kwahiyo ile ndoto ya miembe njia nzima tuisahau, na kwa jua la Tanga la saa saba hilo ndo tatizo langu kubwa kuliko hela. Kivuli kitabidi kikae ukingoni, upande wa mbali na nyaya, na pale njia inapokutana na mitaa, ambapo muuza madafu atajiweka mwenyewe bila kuitwa. Juu ya bomba usimwage zege, weka pevingi, likipasuka fundi anang'oa vipande, anaziba, anavirudisha. Na uzio wa chuma unaokwenda sambamba na laini ya msongo mkubwa unaweza kushika umeme, lazima ufungwe waya wa ardhini.

Uzio mi ningepanda mkonge. Nacheka naandika lakini sitanii, tuko Tanga, miche ipo, haiibiwi ikauzwe chuma chakavu, na hakuna mtoto atakayepita katikati ya mkonge uliokomaa kukimbilia relini. Upandwe tu mbali kidogo na njia, ile miiba ya ncha isije ikamtoboa mtu jicho.

Upana siyo shida sana nje ya mji. Mjini ndo pamebana, na vibanda vya watu vimo humohumo, na hapo sitaki kudanganya mtu, njia ikija kwa kubomoa riziki za watu mimi mwenyewe nitaipinga. Kipande cha mjini kiwe vivuko tu vizuri, vyenye alama na kengele, njia yenyewe ianzie pale nafasi inapofunguka.

Kitakachokula hela ni makalavati. Kila mahali maji yanapopita chini ya tuta, tuta linakuwa jembamba, pa kupitisha baiskeli hapana, unahitaji kidaraja cha pembeni, na maji ya njia yako yasiende kulila tuta la reli maana siku hiyohiyo utafukuzwa. Hakuna wa kukaa nawe mezani kama hujui viko vingapi. Kwahiyo kazi ya kwanza ni kuorodhesha makalavati yote mpaka Pongwe, tukitembea nje ya tuta na siyo relini, na tupate kibali kwanza. Mwenye tepu ya mita 50 na anayemfahamu mtu wa wilei (wale wa haki za kupitisha nyaya na mabomba) anitafute hapo chini.