Elfu Sitini na Mbili za Bafu la Mama

Hesabu ya bafu la Mama niliiandika kwenye daftari la chuoni la mwanangu. Mbele kuna alifu, be, te. Ukiligeuza, nyuma kuna saruji, mchanga na nauli ya mkokoteni. Jana usiku niliketi nikaijumlisha tena, mara ya tatu sasa, nikidhani labda nimekosea mahali. Sikukosea. Ni shilingi 62,260. Nilipoanza nilikuwa nimetenga 40,000, na hapo nikijiona nimekunjua mkono.

Na si bafu la kifahari. Liko Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa, ndani ya nyumba aliyoijenga marehemu baba kwa mawe ya matumbawe: upana mita 1.5, urefu mita 2.2. Ukinyoosha mikono wagusa kuta zote mbili. Mna bomba ambalo maji hupita yakipenda, pipa la bluu, ndoo, kopo, na stuli ya plastiki ambayo Mama huketi akioga tangu magoti yaanze kumsumbua.

Tailisi zilikuwamo. Niliziweka mwenyewe miaka minane iliyopita, nikimaanisha nililipa mtu aziweke, mtu wa bei poa aliyemaliza kazi kwa siku mbili nikamsifu. Mwezi uliopita Mama akanipigia simu alfajiri. "Njoo uutazame ukuta wako," akaniambia. Alikuwa anaoga, tailisi moja ikabanduka ikampita sikioni ikatua ndani ya ndoo. Alisema ukuta *wangu*. Bafu likiwa zima huwa ni lake.

Fundi niliyeelekezwa safari hii alikuja na mikono mitupu, akamwamkia Mama, akavua viatu mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa mazungumzo ya pesa. Yeye akatoa sarafu ya shilingi kumi mfukoni akaanza kugonga tailisi moja moja, kichwa amekiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua. Zile zilizoshika zilijibu kwa sauti fupi, kavu. Nyingine zilijibu kama kibuyu. "Hii ina hewa. Hii ina hewa. Hii pia." Ukuta wa upande wa pipa ulikuwa karibu wote kibuyu.

Kisha akaomba gololi. Nilidhani nimesikia vibaya. Mwanangu akaenda mbio akaleta moja ya kijani, na fundi akaiweka sakafuni karibu na mlango, akaiachilia. Gololi ikazunguka kidogo ikifikiria, ikalipita tundu la maji kwa mbali, ikaenda kutulia kwenye kona, chini kabisa ya stuli ya Mama.

"Maji huenda huko, dada. Miaka yote hii yanaenda huko."

Mama akasema, "Si niliwaambia?" Na kweli alikuwa akisema. Sisi tulidhani ni uzee.

Bei yake ilikuwa 16,000, kazi tupu, vifaa juu yangu. Mimi nikasema 12,000, kwa sababu mtu hukubalije bei ya kwanza ya fundi? Tukavutana pale uani, yeye akionyesha ukuta, mimi nikionyesha hali ya uchumi, tukaishia 13,500. Nilirudi kwangu Tudor, kisiwani, nikiwa nimefurahi. Elfu mbili na mia tano nimeziokoa! Zikumbuke hizo, nitazirudia.

Kesho yake nikaenda mjini dukani. Kitabuni tunaambiwa ni vigae, lakini ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Mombasa ukaulizia vigae utaonyeshwa vya paa. Sema tailisi. Zimepangwa ukutani kama kanga za Biashara Street, na wewe pale katikati hujui macho uyapeleke wapi. Hizi za India, zatoka Morbi, Gujarati, mji ambao kazi yake ni hiyo. Hizi za Uhispania, usiguse. Hizi za hapa hapa Kenya, zatoka Kajiado. Nilichekea moyoni: sisi ndio wenye bandari, makontena yashuka Kilindini tukiyaona, na tailisi ya mfuko wangu yatelemka kutoka bara kwa lori.

Za ukutani, sentimita 25 kwa 40, boksi la vipande 15 lafunika mita mraba moja na nusu. Nililipa 1,650 kwa boksi. Za sakafuni kijana wa dukani alinionyesha nyeupe zinazong'aa mpaka unajiona meno. Nikakumbuka magoti ya Mama. Nikamwuliza ya kuteleza ni ipi na ya kushika ni ipi, akageuza boksi akanionyesha: R9. Baadaye nilitafuta maana yake. Ni kipimo cha Wajerumani: mtu hutembea juu ya ubao uliowekwa tailisi na kupakwa mafuta, ubao wainuliwa kichwa pole pole mpaka ateleze. R9 humwangusha kati ya nyuzi 6 na 10. R11 humshikilia mpaka kati ya 19 na 27. Kuna mtu mahali kazi yake ni kuteleza kwa niaba ya mama zetu, Mungu amlipe. Nilichukua R11, za kijivu, zina ukwaruzo kama ulimi wa paka, 1,900 boksi, maboksi matatu.

Halafu nikauona mkanda. Vile vipande vyembamba vyenye maua ya samawati, vya kuzungusha ukutani katikati. Kimoja 130. Nilihesabu nikapata 27 vyatosha, nikalipa 3,510 bila kuuliza kama bei yapungua. Wala sikufungua mdomo.

Hesabu ya ukuta niliifanya kwa ustadi, au niliona hivyo. Nikatoa mlango, nikapata mita mraba 14 na nukta kidogo, nikagawanya, nikanunua maboksi kumi barabara. Fundi alipoona maboksi akauliza, "Na za kuvunjika?" Kila tailisi ya pembeni hukatwa, kipande kinachobaki mara nyingi hakiingii popote, na nyingine hupasuka kwenye mashine bila kosa la mtu. Mafundi huongeza sehemu moja kwa kumi. Mimi niliongeza ubishi.

Kuzivusha ilikuwa siku yake peke yake. Maboksi 13, kila moja zaidi ya kilo 20, na mifuko mitano ya gundi ya tailisi, yote juu ya mkokoteni mmoja. Tulifika ferini maji yametoka, tena yale ya bamvua, na mwenye kuijua Likoni ajua maji yakitoka mteremko wa feri huwa ukuta. Hamali alijining'iniza nyuma ya mkokoteni wake, visigino vikiburura, ili usimkimbie kuteremka. Upande wa pili watu wanne wasiomjua wakaweka mabega kumsukuma juu, wakaenda zao bila kungoja ahsante. Nililipa 1,500. Ningeombwa 3,000 ningetoa.

Kazi ilipoanza ndipo nilipoona nilichokilipia miaka minane iliyopita. Tailisi za zamani zilikuwa zinatoka kwa mkono. Nyuma ya kila moja mabonge matano ya saruji, manne ya pembeni na moja la katikati, kama upande wa tano wa dado. Kwingine kote ni uwazi, na katika ule uwazi unga mweupe laini, umetanda kama unga wa kusukumia mahamri juu ya meza. Niliuonja kidogo kwenye ncha ya kidole. Chumvi. Yule wa kwanza alichanganya saruji kwa maji ya kisima cha uani, ambayo hata nguo hatufulii tukiwa na hiari. Maji yakipenya huibeba chumvi, yakikauka huiacha, nayo ikikua husukuma. Fundi wangu aliibandua plasta yote mpaka kwenye mawe, akasema hachanganyi chochote kwa maji yale. Kwa hiyo tukanunua maji matamu ya mkokoteni, mitungi 20, kila mmoja shilingi 30. Mia sita. Ni mmoja wa mistari midogo kabisa daftarini, na nadhani ndio uliokosekana mara ya kwanza.

Plasta mpya. Sakafu mpya, yenye mwinamo wa sentimita moja na nusu kwa kila mita kuelekea tunduni. Halafu dawa ya kuzuia maji, nyeusi, nzito, tabaka mbili, akiipandisha ukutani kuzunguka pale Mama anapoketi. Halafu, na hili liliniudhi kweli, kukaa bure. Kungoja ikauke. Nilifika siku moja nikamkuta mtu wa mkono, msaidizi wake, amelala kivulini na fundi hayupo, nikahisi naibiwa. Gundi alipoanza kuipaka aliifagia ukuta mzima kwa mwiko wenye meno, mistari mistari kama shamba, akakandamiza tailisi na kuizungusha kidogo, akagonga kwa nyundo ya mpira, akaweka pimamaji, akatazama, akaing'oa. Akarudia. Tailisi moja alirudia mara tatu. Nami nilikuwa nimesimama pale nikitaka kumwambia si kitu, nani ataona.

Zikaisha ukuta mmoja ukiwa haujakamilika. Nikavuka feri tena, boksi moja, tuktuk huku na huku, mia tano. Jina lile lile, duka lile lile. Mama ndiye aliyeona kwanza: "Hili limekunywa chai." Kweli lilikuwa limeiva zaidi, weupe wake una manjano kwa mbali. Fundi akanionyesha namba ndogo ubavuni mwa boksi. Kila mchomo wa tanuri una namba yake, na namba zikitofautiana rangi yaweza kutofautiana, hata jina likiwa moja. Akazihamishia hizo nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi hazionekani. Mimi naziona hata nikiwa Tudor.

Kazi yote ilichukua siku tisa, na siku hizo zote Mama alioga kwa jirani. Hilo halimo katika 62,260, maana Mama hawezi kuingia bafu la mtu mikono mitupu. Siku ya kwanza mahamri, siku ya pili kachori, siku ya tatu ndizi mbivu, na kuendelea. Nilimwambia Mama kwamba jirani hadai. Akaniangalia kama niliyelelewa na watu wengine.

Sasa zile elfu mbili na mia tano. Jana usiku, baada ya kujumlisha, niligeuza ukurasa nikafanya hesabu ya fundi. Katika siku tisa, alifanya kazi siku saba. Alimlipa mtu wa mkono 700 kwa siku mbele ya macho yangu, hiyo ni 4,900. Toa kwenye 13,500, zabaki 8,600. Gawanya kwa siku saba: 1,228 na senti. Fundi wa kazi hiyo hapa hachukui chini ya 1,500 kwa siku. Kwa bei aliyoanza nayo angepata 1,585, yaani alikuwa ameniambia bei yake ya haki tangu mwanzo, na mimi nikamkata ili nipate sifa ya kukata. Tena nikachukua zile zile, nikaongeza elfu moja na kumi, nikanunua maua ambayo duka halikunipunguzia hata shilingi kwa sababu sikuomba. Mkanda wenyewe umepita nyuma ya pipa la bluu. Nusu ya maua haionekani.

Tailisi zote pamoja na mkanda ni 27,360. Zilizobaki, karibu 35,000, zimekwenda kwenye vitu ambavyo mgeni akiingia bafuni hataviona: dawa, plasta, mchanga, bomba, kifusi kilichotolewa, maji matamu, mikono ya watu. Nilikuwa nikiulizia bei ya tailisi kwa mita kama vile hiyo ndiyo bei ya bafu.

Nimesema nitamwita kwa kazi ya jikoni na nitalipa atakachotaja. Nimelisema moyoni. Yeye bado hajui.

Siku ya mwisho aliomba tena gololi. Ikatoka mlangoni, ikaenda moja kwa moja, ikapita chini ya stuli, ikaanguka tunduni *tii*, na mwanangu akalia kwa sababu ndiyo aliyoipenda. Fundi akaitoa kwa waya.

Tulibakiwa na tailisi tisa za ukuta na saba za sakafu. Mama amezifunga kwa leso kuukuu akazisukuma chini ya kitanda, upande wa kichwani. Jumamosi jirani, yule yule wa bafu, alikuja kuuliza kama kuna mbili za ziada aweke nyuma ya jiko lake. Mama akamkaribisha, akampa chai, akampa na mahamri ya kuchukua, akamsindikiza mpaka barazani bila tailisi. Nilipomwuliza kulikoni, mwenzetu yule katufaa siku tisa, alinijibu huku akifunga mlango:

"Akitaka sukari nampa. Hizo zina namba."