Safu ya Saruji Iliyolowa

Duka letu la vifaa vya ujenzi hapa Langoni, Lamu, liliendeshwa kwa daftari tangu enzi za babu, mpaka suala la ankara za kielektroniki lilipotufikia. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, kwa kawaida haikubaliwi katika hesabu ya kodi, kwa hiyo wakandarasi walianza kutudai ankara hiyo kabla hata ya kuulizia bei. Tulinunua kompyuta, tukamlipa kijana atufundishe kwa siku mbili, nami nikayafungia madaftari kabatini nikidhani kazi imekwisha.

Baada ya majuma matatu, hesabu ya saruji ikawa hailingani na mifuko iliyomo ghalani. Nilimshuku kila mtu kabla ya kumwendea karani wetu mkongwe, ambaye alitoa chini ya meza daftari jipya alilokuwa akiliandika kimyakimya.

“Ami, si tulikubaliana?”

“Mlikubaliana nyinyi,” akanijibu, kisha akaniwekea kidole kwenye safu ya mwisho, yenye kichwa “iliyolowa”.

Saruji yetu huvuka kutoka Mokowe kwa mashua, ikateremshwa gatini na kupakiwa punda, na msimu wa masika ni nadra shehena kufika bila mfuko mmoja au miwili kuingia maji. Mifuko hiyo huuzwa kwa bei ya kutupa. Programu ilijua mfuko ulioingia na mfuko uliouzwa, basi.

Mwaka 1947 mwanasaikolojia Kurt Lewin aliandika kwamba mabadiliko ya kikundi hupitia hatua tatu: kuyeyusha mazoea, kuhamia hali mpya, kisha kuigandisha hali hiyo. (Mvuvi yeyote wa hapa angemwambia kuwa kugandisha ndiko kwenye gharama.) Mimi niliruka ya kwanza. John Kotter naye, mtaalamu wa uongozi, katika makala yake ya mwaka 1995 kuhusu makosa manane ya kampuni zinazojaribu kubadilika, alitaja kosa la kutangaza ushindi mapema, na nilipoisoma nilikumbuka ule ufunguo wa kabati.

Sasa programu ina bidhaa ya pili iitwayo “saruji ya maji”, jina alilolichagua ami mwenyewe. Yeye ndiye anayeihesabu gatini na kuiingiza kwa kidole kimoja. Daftari lingali chini ya meza, wala sijamwambia aliondoe.