Prednisoloni hutoka mwilini haraka, tezi huchelewa kuamka

Watu wengi wanaomeza prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi inayotuliza uvimbe katika maradhi kama pumu na baridi yabisi, huuliza dawa hii hukaa mwilini kwa siku ngapi, na wakishaambiwa kwamba haimalizi hata siku mbili, huona hakuna haja ya kuipunguza polepole. Jibu hilo ni sahihi, lakini halielezi hatari ya kuacha ghafla inatoka wapi.

Kidonge kikishayeyuka na dawa kuingia kwenye damu, ini huivunjavunja na figo hutoa mabaki yake kwa mkojo. Kila baada ya saa mbili hadi nne hivi, kiasi kilichomo kwenye damu hupungua kwa nusu, kwa hiyo aliyemeza asubuhi huamka siku ya pili akiwa amebakiwa na kiasi kidogo mno. Kazi ya dawa ndani ya seli hudumu kuliko hapo, kati ya saa 12 na 36, na ya deksamethasoni, steroidi nyingine, hupita siku moja na nusu. Anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu ajue kwamba dawa hiyo hulichochea ini kuiondoa prednisoloni mapema zaidi, na daktari huenda akalazimika kumwongezea dozi.

Kinachochelewa ni tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Hizo ndizo zinazotengeneza kotisoli, homoni inayoshikilia shinikizo la damu na sukari, na inayouwezesha mwili kuhimili maradhi, majeraha na upasuaji. Hutengeneza kwa amri ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo pituitari hutuma amri pale inapoona homoni imepungua. Prednisoloni hufanya kazi ileile ya kotisoli, kwa hiyo wakati wote mgonjwa anapoimeza, pituitari huona homoni inatosha na kunyamaza, na tezi za juu ya figo, zikikosa amri kwa zaidi ya wiki tatu au nne, hulala na hata kusinyaa. Ukikata dawa ghafla, homoni ya kidonge imekwisha na ya mwili haijaanza kutengenezwa. Kuamka kwa tezi hizo huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi, na kwa wengine mwaka au zaidi.

Mama yangu mdogo, anayeishi Isevya hapa Tabora, alikuwa ametumia dawa hii kwa muda mrefu kwa sababu ya baridi yabisi, akaiacha magoti yalipotulia. Nilipokwenda kumwamkia alikuwa kitandani, sahani ya ugali haijaguswa, akaniambia, “Marahaba, mwanangu. Nikisimama tu nyumba inazunguka, na chakula hakipandi.” Nyumbani wote waliamini ni malaria, jambo la kawaida kwetu msimu wa mvua, lakini kipimo hakikuonyesha kitu. Daktari alipoiona bahasha ya dawa imebaki na vidonge, alimpima shinikizo la damu akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na likashuka papo hapo. Kichefuchefu, uchovu usioisha, maumivu ya tumbo na viungo, na kizunguzungu cha kusimama ni dalili zinazofanana na za magonjwa mengi, na ndiyo maana nasisitiza kwamba anayehudumu aambiwe mapema kwamba mgonjwa ametumia steroidi, zikiwemo zile krimu kali za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli, ambazo zikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu nazo hupenya na kuzilaza tezi.

Si kila mgonjwa anahitaji kupunguza. Aliyepewa dozi ya siku tano kwa shambulio la pumu kwa kawaida huacha moja kwa moja, isipokuwa kama amekuwa akirudia dozi hizo mara kwa mara. Kwa aliyetumia zaidi ya wiki tatu, daktari hushusha kwa hatua kubwa dozi ikiwa juu, lakini ikikaribia miligramu 5 kwa siku, ambayo ni takriban sawa na kotisoli ya mwili wenyewe, hatua huwa ndogo na za taratibu. Dawa humezwa asubuhi baada ya kula, kwa kuwa asubuhi ndipo kotisoli hupanda kwa kawaida, na dozi ya jioni huzinyamazisha tezi zaidi.

Wakati wote wa kupunguza, na kwa miezi kadhaa baada ya kuacha, homa kali, ajali au upasuaji humfanya mgonjwa ahitaji kuongezewa dawa kwa muda, na akitapika vidonge hapaswi kusubiri kesho, bali apelekwe hospitali akachomwe sindano ya haidrokotisoni, yaani kotisoli iliyotengenezwa kama dawa. Kwenye daftari la kliniki la mama mdogo tumeandika jambo hilo ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, pamoja na jina la dawa na dozi ya mwisho, ili hata akifikishwa akiwa hawezi kusema, muuguzi wa zamu alisome.