Siku moja maishani mwangu: wakili wa mama kwenye kesi ya kuasili, Mtwara

Saa 12 asubuhi. Simu ya kwanza naipiga kwa msaidizi wa kisheria wa kijijini. Mama amelala wapi, na nani amemsindikiza? Mtu anayetoka vijiji vya Newala au Nanyumbu hawezi kupanda gari asubuhi akawahi shauri la saa 3 Mtwara mjini. Inabidi aje jana yake, alale kwa ndugu Magomeni au Chikongola, na nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi, pamoja na chakula. Fedha hiyo isitoke kwa waombaji, yaani wanaoomba kumwasili mtoto, hata kama wanaitoa kwa moyo mweupe. Ikijulikana kwamba aliyekuja kutoa ridhaa alisafirishwa na watu wanaomtaka mtoto, ridhaa imeshaingia doa, na anayeumia baadaye ni mtoto ambaye amri yake inaweza kupingwa.

Mimi ni wakili wa msaada wa kisheria. Kwenye kesi za kuasili namsimamia mzazi aliyemzaa mtoto. Waombaji wana wakili wao. Mtoto ana afisa ustawi wa jamii anayepewa kazi ya kuangalia maslahi yake. Mama mara nyingi ana karatasi tu yenye dole gumba lake, na msaidizi wa kisheria aliyemwibua, pamoja na kujituma kwake kote, haruhusiwi kusimama mahakamani kumtetea. Mtaani wanasema kazi yetu ni kumzibia mtoto riziki ya nyumba nzuri. Anayesema hivyo naomba aifuate siku hii mpaka jioni.

Mashauri haya husikilizwa faragha, kwa hiyo mama ninayemweleza hapa nimemjenga kutokana na kesi mbalimbali. Yanayompata ndiyo yanayowapata wengi.

Saa 2. Chai na vitumbua karibu na mahakama. Mama ni muuza ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa. Hasomi, Kiswahili chake kinatosha sokoni lakini si kwenye mambo mazito, na lugha ya moyo wake ni Kimakua. Ana ulemavu wa akili wa kiasi ambacho ukimsalimia tu hutaugundua, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu wa hali hii amezoea kuitikia. Ukimuuliza, "Unataka mwanao alelewe na watu wenye uwezo?" atasema ndiyo. Nani atasema hapana?

Kwa hiyo sipimi uelewa wake kwa maswali ya ndiyo na hapana. Nampa jambo moja kwa wakati mmoja, kwa sentensi fupi, kisha namwomba anisimulie yeye. Tarehe na miezi naziacha, tunahesabu kwa kupuliza mikorosho, kwa mnada, kwa mfungo. Mtoto akiugua usiku, nani atamsainia hospitali? Akianza shule, cheti chake kitaandikwa jina la mama gani? Korosho zikikubali mwakani ukaezeka nyumba, unaweza kwenda kumchukua?

Hilo la mwisho ndilo linalobeba kesi nzima. Kusini hapa mtoto kwenda kulelewa kwa bibi au kwa mama mdogo ni jambo la kila siku, na mama akijiweza anamfuata. Wengi wetu ni Waislamu, tunajua kulea yatima bila kumbadilisha nasaba. Mama akiambiwa "watamlea", anakubali kitu anachokifahamu tangu utoto. Amri ya kuasili ni jambo lingine kabisa: haki zote za mzazi na wajibu wake wote unakoma, mtoto anakuwa wa waombaji kana kwamba wamemzaa, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, wanamwandika kwenye rejista ya watoto walioasiliwa. Hakuna kumfuata.

Mama huyu alinyamaza kidogo, akapangusa sukari kwenye vidole, akasema, "Nitamfuata mvua zikiisha."

Basi hapo hakuna ridhaa, hata karatasi iwe na mihuri mingapi.

Saa 3. Faili. Nyaraka zipo kwenye e-CMS, mfumo wa kielektroniki wa mashauri ya mahakama, lakini karatasi ya ridhaa naomba kuiona kwa macho, ile yenyewe. Naangalia mambo manne. Tarehe: ilisainiwa mtoto akiwa na umri gani, na mama alikuwa katika hali gani, maana mzazi aliyejifungua juzi, mgonjwa, amelala wodini, si mtu wa kuletewa karatasi ya namna hii. Lugha: tangu 2021 sheria inataka Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini viambatanisho vya Kiingereza bado vinapenya. Mashahidi ni nani? Na dole gumba: kuna maneno chini yake yanayosema kwamba aliyeweka alisomewa, kwa lugha gani, na nani, akaelewa?

Ya leo iliandikwa Kiingereza. Mashahidi wote wawili ni wafanyakazi wa makao ya watoto yaliyokuwa yakimtunza mtoto. Chini ya dole gumba hakuna neno. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Walikuwa na mtoto anayehitaji wazazi na fomu inayohitaji kujazwa, wakaijaza.

Saa 4 na kuendelea. Mkalimani hajafika.

Kupata mkalimani wa Kimakua Mtwara mjini si tabu, tabu ni kupata anayefaa. Asiwe ndugu wa mama, asiwe mfanyakazi wa makao, asitoke kijiji kimoja nao, na awe tayari kuapa. Aliyekuwa amepangwa amepata msiba. Karani anauliza kama tuendelee kwa Kiswahili "kwa sababu mama anajibu vizuri tu". Wakili wa waombaji anaunga mkono, na simlaumu, wateja wake wameomba ruhusa kazini na mtoto wameshaishi naye muda mrefu. Sheria inataka awe ameishi nao kwanza kwa muda mfululizo chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii kabla ya amri. Kipimo hicho ni kizuri kwa mtoto, lakini kina madhara yake upande wa pili. Mama asipotafutwa mapema, siku anayosikilizwa kwa mara ya kwanza mtoto ameshawaita wengine baba na mama. Ndiyo maana kila ninapokutana na maafisa ustawi nawasihi: mzazi atafutwe kabla mtoto hajakabidhiwa malezi ya kambo, siyo wiki ya kesi.

Tunasubiri. Waombaji wamekaa benchi moja na mama, hawajuani, lakini mtoto akiletwa anazijua pande zote mbili. Naomba mama ahamishiwe chumba kingine. Hilo ni la kuombwa mapema na huwa linasahaulika.

Kisha mjomba anafika.

Kwa Wamakua, kama kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera, mtoto kwa mila ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Ni mzee wa heshima, amevaa kanzu, ameacha mikorosho yake akaja. Namsalimia shikamoo, ananiitikia, halafu ananiambia, "Mwanangu, huyu hana akili timamu. Mimi ndiye baba yake na mama yake. Nimeshakubali. Andika."

Hapa ndipo nguvu za siku zinapoishia. Nusu saa, pengine zaidi. Huwezi kumkatalia mzee kama huyu mbele ya watu ukategemea kesho atamruhusu mpwa wake aje tena. Namweleza taratibu kwamba mahakama itamsikiliza naye kama ndugu, na maneno yake yana uzito kwa sababu ndiye anayeijua familia, lakini ridhaa ya mzazi haitolewi na mtu mwingine kwa niaba yake kwa kuwa tu ni mkubwa wake. Anarudia yaleyale. Narudia yaleyale. Anasema wanasheria wa mjini wanapenda kugombanisha ndugu. Namuuliza mtoto angeweza kukaa na nani pale nyumbani kama mama angepata msaada. Anafikiri, anasema bibi yake mtoto yupo, ana nguvu, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Naandika hilo haraka.

Na lile neno "hana akili" naliogopa kuliko yote. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, inairuhusu mahakama kuendelea bila ridhaa ya mzazi katika hali chache: mzazi amemtelekeza mtoto au kumtesa mara kwa mara, hapatikani, hana uwezo wa kutoa ridhaa, au anaikatalia bila sababu ya msingi. Umaskini haumo. Ulemavu kama ulemavu haumo. Lakini "hana uwezo" ni mlango mpana, na mtu akishabandikwa sifa hiyo kijijini inapita moja kwa moja mpaka kwenye ripoti ya uchunguzi wa kijamii, kutoka hapo hadi kwenye hati ya kiapo, bila daktari yeyote kumpima. Mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unakataza mtoto kutenganishwa na wazazi kwa sababu ya ulemavu wao. Mama anaweza kushindwa kuhesabu chenji na bado akajua mwanae analia kwa njaa au kwa homa.

"Hapatikani" nalo nalikagua kila mara. Huku watu wengi hupewa jina jipya wakitoka jando au unyago. Wito unaandikwa jina la kadi ya kliniki, mwenyekiti wa kitongoji anamjua kwa jina jingine, mtendaji anaandika nyuma ya hati kwamba mtu huyo hayupo. Au wito umefika msimu wa korosho, familia nzima imehamia kibandani shambani. Baada ya hapo linatolewa tangazo gazetini ambalo mama asiyesoma hatalisoma daima. Mtu wa kutafuta mzazi aende na picha au jina la bibi yake, aulize gengeni na zahanati, na aandike alikwenda wapi na alimuuliza nani. Bila maelezo hayo naiomba mahakama isikubali kwamba mtu hapatikani.

Vivyo hivyo "amemtelekeza". Makao yanasema mama hakuja kumwona mtoto. Naomba daftari la wageni. Naomba siku na saa za kutembelea. Kama ni Jumatano mchana peke yake, na basi la kijijini kwake linafika jioni, mama amekosa nauli na amekosa siku pia.

Mkalimani wa pili, mwanamke mtu mzima, alipatikana kwa simu za karani, na hapo nampongeza karani. Tuliingia kama saa 8 hivi, mama akiwa amechoka, hajala. Niliomba mambo machache kwa Mheshimiwa Jaji kabla ya chochote: mkalimani aape, atafsiri kwa nafsi ya kwanza, aseme "mimi", asiseme "anasema kwamba", maswali yawe mafupi, swali moja jambo moja, tupumzike kila baada ya dakika 20, mjomba akae nje wakati mama anaongea. Yote yalikubaliwa. Video kutoka mahakama ya wilaya ingeokoa safari, na kwa kutaja shauri au kupanga tarehe naikubali kabisa. Kwa kumsikiliza mama kama huyu siikubali: jaji anapaswa kumwona anapotazama mlangoni kabla ya kujibu.

Aliulizwa kama aliikumbuka karatasi. Alisema aliambiwa ni ya dawa za mtoto.

Shauri liliahirishwa. Mama apimwe na daktari katika hospitali ya rufaa ya Ligula, afisa ustawi aende nyumbani kwao na aonane na bibi, ripoti zote mbili ziingie kabla ya tarehe ijayo. Nje waombaji walikuwa wanalia, mke na mume, watu wema ambao hawakudanganya mtu. Hao nao wanastahili amri isiyo na ufa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inasema mtu ambaye haki yake inaamuliwa apewe "fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu", na mimi naushikilia ukamilifu huo, kwa sababu hapa kinachoamuliwa hakina marejeo ya mwakani.

Baada ya hapo ugali na samaki, simu kuhusu mzazi mwingine aliyeko gerezani ambaye lazima iombwe amri ya kumleta mahakamani, la sivyo kesi yake itakwenda bila yeye.

Jioni, macho mazito, nakamilisha orodha ya shauri la leo. Barua kwa daktari yenye maswali mahususi: anaelewa nini akielezwa taratibu, anakumbuka kwa muda gani, anahitaji msaada gani ili aamue. Swali la "ana akili timamu au hana" silipeleki, jibu lake halimsaidii jaji. Hati ya kiapo ya mkalimani kuhusu karatasi ya ridhaa, tafsiri yake neno kwa neno. Namba ya bibi naichukua kwa mjomba, ambaye mwishoni alikubali kuitoa. Na barua kwa Naibu Msajili wa mahakama: shauri liitwe saa 5 badala ya saa 3, mkalimani awe huyuhuyu, na mama apewe chumba cha kusubiria peke yake.